Barua ya wazi kwa wanaovuta magari Dar: toeni gari kwanza, tubishane baadaye

Kwa Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani, na Wakurugenzi wa halmashauri zote tano za Dar es Salaam, yaani Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Shikamooni waheshimiwa.

Mimi ni dereva wa teksi mtandao, gari ninayoendesha ni ya mkataba, nikimaliza rejesho ndo inakuwa yangu. Nalisema hilo mapema ili mjue kwa nini habari ya kuvutwa magari inanikaa rohoni kuliko inavyomkaa mtu mwenye gari mbili getini kwake.

Kwanza niondoe wasiwasi, siandiki kusema magari yasivutwe. Gari ikiingia njia ya mabasi ya mwendokasi ikazimika, ivutwe. Aliyeziba geti la hospitali avutwe tena hata dakika tano asiongezewe. Lori likifia katikati ya mlima Kitonga watu wakalala njiani na watoto, livutwe litolewe, hapo hamna dereva mwenye akili timamu atakayebisha. Ninachobisha mimi ni kinachofuata baada ya ndoano kushika. Gari ikishafika yadi, pale wanapolaza magari yaliyovutwa, njia iliyo wazi ni moja tu, kulipa. Kulipa hata kama hujakosea, kulipa hata kama bei umeambiwa mdomoni na kijana aliyevaa rifleta asiye na kitambulisho, kwa sababu ukisimama kubishana kila siku inayopita inaongeza hela ya kulaza gari. Kwa hiyo hakuna anayebisha. Na nyie huko ofisini mnaona malalamiko machache mnadhani mambo yako sawa.

Hebu tuiangalie inavyokuwa. Mteja kakuita Kariakoo, ana mzigo, anakwambia niko hapa hapa dukani nashuka saivi. Unasogeza gari pembeni, alama ya kukataza kupaki hamna, au ipo lakini imefunikwa na turubai la mtu anauza viatu. Unashuka kumsaidia mteja begi. Ukirudi bredauni, lile gari la kuvuta magari, liko mbele ya gari yako na vijana wanne, wawili wapo chini ya bampa, mmoja kashika simu anapiga picha, mmoja kazi yake ni kuongea na wewe. Huyu wa kuongea ndo mwenye kampuni kwa saa hiyo. Anakutajia bei. Ukiuliza bei imeandikwa wapi anakwambia twende yadi utaikuta huko. Ukisema gari bado ipo hapa, sijaondoka, naondoa sasa hivi, anasema tumeshafunga. Basi mnaanza kupatana barabarani kama mnauziana nyanya, laki na nusu inashuka inakuwa laki, laki inakuwa sabini, na ile sabini ikitoka mfukoni kwako waheshimiwa sijui kama nyie mnaipata, maana risiti haikutoka.

Sasa bei inayoweza kushuka kwa nusu ndani ya dakika kumi ni bei gani hiyo? Kama ni ya sheria isishuke hata shilingi. Kama inashuka basi sio ya sheria.

Tuseme umegoma, gari imeenda yadi. Siku ya kwanza unatafuta yadi yenyewe iko wapi, kwa sababu hamna aliyekupa karatasi. Unapiga simu kituo cha polisi wanasema sio sisi, halmashauri wanasema muulize wakala, yaani kampuni waliyoipa kazi ya kuvuta, wakala hapokei. Siku ya pili umeipata, unaambiwa faini, gharama ya kuvuta, na ya kulaza siku mbili. Mwenye gari anataka hesabu yake, rejesho la wiki halina habari na bredauni. Siku ya tatu unakopa unalipa. Hapo hujafungua mdomo kuhusu kama ulikosea au la, na hakuna aliyekuuliza.

Nimeongea na wakili mmoja, nikamuuliza mimi nikiona nimeonewa naenda wapi. Akacheka kwanza. Kumbe ukitaka kuishtaki halmashauri unaingia kwenye Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, unatoa notisi ya siku 90, na tangu mabadiliko ya mwaka 2020 halmashauri na wakala za serikali zote zimo humo, lazima umuunganishe na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Mahakama Kuu! Kwa gari aina ya IST iliyovutwa Mtaa wa Msimbazi. Siku 90 za notisi peke yake, zidisha na hela ya kulaza gari kwa siku, halafu mniambie nani atafika mwisho wa hiyo njia. Ukisema basi nimshtaki yule wakala kivyake kwenye Mahakama ya Mwanzo, atakuja na barua kwamba yeye katumwa na halmashauri. Wakili akaniambia mdogo wangu, lipa.

Hiyo ndo hoja yangu yote na ningeweza kuishia hapa. Gari inakuwa rehani. Mtu aliyeshikiwa rehani hajadiliani, analipa.

Katiba yetu ya 1977 haikutaka hivyo. Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa, na haki ya kukata rufaa. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, haichukuliwi hivi hivi bila sheria. Na ibara ya 138 inasema kodi ya aina yoyote haitozwi mpaka iwe kwa mujibu wa sheria. Najua mtasema gharama ya kuvuta sio kodi, sawa, lakini basi ni nini? Kama ni ada iko kwenye sheria ndogo gani, na ilitangazwa Gazeti la Serikali lini? Sheria ndogo za halmashauri huwa zinapitishwa na baraza la madiwani, zinaidhinishwa na Waziri, zinatangazwa kwenye Gazeti. Kwa hiyo hilo karatasi lipo mahali fulani. Tunachoomba libandikwe kwenye ubavu wa bredauni, herufi kubwa, mtu alisome akiwa amesimama pale pale. Daladala zimeandikwa nauli na njia zinazopita, bredauni linashindwaje.

Na hata trafiki akikuandikia kosa lile la elfu thelathini, ile notisi sio hukumu. Una haki ya kusema sikubali, nipelekeni mahakamani. Wengi hawajui, wanadhani ikishatoka kwenye mashine basi imekwisha. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973, ina mapungufu yake mengi tu, lakini hata hiyo ya kizee imemwachia mtu mlango wa kukataa. Sasa inakuwaje kosa la elfu thelathini lina mlango wa kukataa, halafu kuchukuliwa gari zima hakuna?

Nimesoma kidogo wenzetu wanafanyaje, sio kwamba kila cha nje kizuri, ila kuna vitu vinaeleweka hata kwa sisi tusiosoma sheria. Pale California Marekani, gari ikivutwa kwa amri ya polisi, mwenye gari ana siku 10 tangu tarehe ya taarifa aliyopewa kuomba kusikilizwa, na akiomba wanatakiwa wamsikilize ndani ya saa 48, wikiendi na sikukuu hazihesabiwi. Ikionekana gari ilivutwa bila sababu ya msingi, gharama ya kuvuta na kulaza inalipwa na ile ofisi iliyotoa amri. Hebu fikirieni hiyo. Ofisa akijua kwamba akikosea ofisi yake italipa, atalitazama mara mbili kabla ya kusema funga. Halafu huko huko, kwenye viwanja vya watu binafsi, ukifika ukakuta gari imeshafungwa kwenye ndoano lakini haijatoka pale, hawaruhusiwi kukudai zaidi ya nusu ya bei ya kawaida ya kuvuta. Na ikiwa bado hawajaifunga, unaondoka na gari yako bila kutoa hata senti. Kwa hiyo yule kijana wa "tumeshafunga" huko angekuwa na kazi ngumu sana.

Uingereza ndo walifika mbali zaidi. Kuanzia Oktoba 1 mwaka 2012, England na Wales, mtu binafsi kumfunga mwenzake cheni kwenye tairi au kumvutia gari kwenye kiwanja binafsi bila mamlaka ya kisheria ni kosa la jinai. Barabarani halmashauri na polisi bado wanavuta, ila mlinzi wa supamaketi haruhusiwi tena. Scotland hawakuhitaji hata sheria mpya, mahakama ilishasema tangu 1992 kwamba kumfunga mtu gari ili umtoze hela ni wizi na ni kumtoza hela kwa vitisho. Nalitaja hili kwa sababu hapa kwetu walinzi wa baa, wa majengo ya ofisi, wa fremu za maduka, wote siku hizi wana cheni zao na kufuli. Nani kawapa? Kibali kiko wapi? Elfu hamsini ya kufungua kufuli inaenda kwa nani?

Kuna jambo lingine ambalo wakubwa wengi hamlijui kwa sababu gari zenu haziguswi, nalo ni uharibifu. Hapa naomba mnivumilie kidogo maana hili ndo linaua madereva kimya kimya.

Gari nyingi hapa mjini ni otomatiki kutoka Japani. Gia ya otomatiki inaishi kwa mafuta, na mafuta yale yanasukumwa na pampu ambayo inazungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa pampu haifanyi kazi. Kwa hiyo ukiiburuta gari huku matairi yanayovuta yako chini yanazunguka, ndani ya gia boksi vyuma vinasagana vikavu. Kilomita chache tu zinatosha. Gari ya kuvuta mbele kama IST nyingi au Vitz inatakiwa inyanyuliwe mbele, hendibreki iachiwe, matairi ya nyuma ndo yatembee. Crown na Mark X nyingi zinavuta nyuma, hizo ukizinyanyua mbele umeziua. Forester inavuta matairi yote manne, hiyo haiburutwi kabisa, inapandishwa mgongoni nzima nzima. Sasa mwenye gari hayupo, funguo haipo, gari iko kwenye P, hendibreki imevutwa, usukani umejifunga. Vijana wanafanyaje? Wanaweka mnyororo popote chuma kinapoonekana wanaondoka nayo, matairi yanalia lami mpaka yadi. Wiki mbili baadaye gia inaanza kuteleza, ukiiweka D inafikiria kwanza ndo inaingia, fundi anakwambia badilisha gia boksi, na wewe huna pa kwenda kuidai kwa sababu siku unachukua gari ulisaini kwamba umeipokea ikiwa nzima. Fomu ile usiposaini geti halifunguliwi.

Narudia hapo, geti halifunguliwi mpaka usaini kwamba hawakuharibu kitu. Hiyo sio fomu ya makabidhiano jamani, huko ni kulazimishana.

Tunaomba kitu rahisi sana: kabla gari haijanyanyuliwa, video ipigwe kuizunguka pande nne na dashibodi kupitia kioo, na nakala mwenye gari apewe. Simu wanazo, mbona za kupiga picha ya kosa wanazo. Na kampuni yoyote isiyokuwa na bredauni la kubeba mgongoni isipewe kazi ya mjini. Na iwe na bima ya kulipa inachoharibu, kama mimi ninavyolazimishwa kuwa na bima kabla sijaingia barabarani.

Upande wa ajali ni kilio kingine. Gari ikipata ajali inavutwa kituoni, inasubiri mkaguzi, inasubiri fomu ya polisi ya ajali, PF90, wengine kesi inaendelea mahakamani kwa hiyo gari inakaa pale kama kielelezo. Inaingia na redio inatoka na tundu. Betri, pawa windo, saiti mira, mpaka tairi la akiba. Mwenye bima kubwa angalau anaweza kukuta mkataba wake una kipengele cha gharama ya kuvuta mpaka kiwango fulani (madereva someni mikataba yenu, wengi mnalipa bredauni mfukoni wakati kampuni ya bima ndo ilitakiwa ilipe), mwenye bima ndogo hana chake. Na bredauni la kwenye ajali huchagui, linaitwa na mtu usiyemjua wakati wewe upo chini unahema, ukija kuzinduka unadaiwa. Kamanda, hili liko kwako moja kwa moja, kielelezo cha mahakama kinanyofolewaje kikiwa ndani ya uzio wa polisi?

Halafu kuna hii ya madeni ya maegesho. Tangu mfumo wa kielektroniki uanze mwaka 2021 deni linakaa kwenye namba ya gari, hela za kwa saa zinajumlishwa pamoja na faini zake, mtu hajui kama anadaiwa mpaka siku amefungwa cheni. Mimi ninayeendesha gari ya mtu nakuta deni la dereva aliyepita. Deni ni deni, sikatai, lilipwe. Lakini gari iliyopaki vizuri, haijaziba njia, haihatarishi mtu, unaivuta kwa sababu ya deni, hapo hufungui barabara, unakusanya madeni kwa bredauni. San Francisco walikuwa wanafanya hivyo hivyo, mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya California ikawaambia hapana, huwezi kuchukua gari ya mtu iliyopaki kihalali eti ina faini hazijalipwa wakati huna kibali cha mahakama. Kama mnaweza kunitumia meseji ya bando kuisha na meseji ya luku, mnaweza kunitumia meseji kwamba nadaiwa.

Wakati tunasubiri majibu yenu naongea kidogo na madereva wenzangu wanaosoma hapa. Ukikuta bredauni usirushe ngumi wala usilale mbele ya tairi, piga video, anza na alama ya barabarani au pale ambapo ingetakiwa iwepo, halafu mkao wa gari, halafu namba ya bredauni. Uliza jina na kitambulisho, uliza sheria ndogo gani. Hela ya serikali inaingia kwa kontrol namba, mtu akikupa namba yake ya simu umtumie huyo anakusanya zake, mjibu nipe kontrol namba uone atakavyobadilika sura. Toa nyaraka na vitu vyako kabla haijaondoka. Uliza yadi gani, mwambie aandike. Gari ikitolewa izungukie kabla hujasaini chochote, na kama wanakulazimisha andika pale pale juu ya fomu "gari haijajaribiwa" kisha saini, ipige picha. Rushwa piga TAKUKURU, namba yao ni 113, ni bure. Uonevu wa ofisi za umma upeleke pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, hawakutozi kufungua lalamiko. Sio dawa ya siku hiyo hiyo ila inaacha karatasi, na sisi tatizo letu kubwa ni kwamba hatuachi karatasi.

Waheshimiwa narudi kwenu. Sihitaji tume ya kwenda kujifunza Ulaya. Nahitaji dawati moja kila halmashauri, mtu mmoja asiye wa kampuni ya kuvuta, mwenye mamlaka ya kusema huyu aachiwe. Gari itoke kwanza kwa dhamana, namba ya gari na leseni yangu mnazo, nitakimbilia wapi? Lalamiko lisikilizwe ndani ya siku mbili tatu. Nikishindwa nilipe vyote na nyongeza. Nikishinda anilipe aliyeamuru. Hela ya kulaza gari isimame kuhesabiwa dakika nitakayosema napinga, maana hapo sio mimi ninayechelewesha, ni nyie. Waziri wa TAMISEMI hili la dawati unaweza kuliweka kwenye mikataba ya mawakala bila kwenda Bungeni, mikataba si mnaisaini nyie? Lile la Mahakama Kuu na siku 90 ndo lipelekwe Bungeni, madai madogo ya wananchi dhidi ya halmashauri yarudishwe mahakama za chini ambako mtu anaweza kwenda kwa daladala na kujieleza mwenyewe bila wakili.

Wakala wa kuvuta atawaambia biashara itakufa. Muulizeni kwa nini biashara halali ife kwa sababu mteja amesikilizwa.

Nawasilisha.

Dereva wa teksi mtandao, Tabata. Namba ya gari siiandiki hapa, mnajua kwa nini.